Mkao wa tano

mkao wa tano nomino, ngeli ya U-I. Wingi: *mikao ya tano*. Istilahi ya baleti.

Mkao wa miguu katika baleti ya klasiki ambapo mapaja yote mawili yamezungushwa kwa nje kuanzia nyongani, uzito wa mwili umegawanywa sawa kwa miguu yote miwili, na mguu mmoja umebanwa mbele ya mwingine hivi kwamba kisigino cha mguu wa mbele kinagusa vidole vya mguu wa nyuma, na vidole vya mguu wa mbele vinagusa kisigino cha mguu wa nyuma. Magoti huwa yamenyooka, isipokuwa pale mcheza anapoyakunja kwa makusudi bila kuuvunja mkao.

Kwa Kifaransa, lugha iliyozaa takriban istilahi zote za baleti, mkao huu huitwa *cinquième position*. Ni wa mwisho katika mikao mitano ya msingi ya miguu, na ndio unaotumika zaidi jukwaani.

Fasili iliyotolewa hapo juu inaanza na mapaja kwa makusudi. Anayemtazama mcheza baleti akiwa katika mkao huu huvutwa macho na kile kilicho sakafuni: nyayo mbili zilizolala sambamba, kila moja ikielekea upande wake, kama vijiko viwili vilivyopangwa kichwa kwa mkia. Kwa hiyo fasili nyingi huanzia huko chini na kusema kwamba nyayo zimegeuzwa nje, mmoja mbele ya mwingine. Maelezo hayo yanamtosha mtazamaji. Mwanafunzi anayeyafuata neno kwa neno atazigeuza nyayo na kuyaacha mapaja yalipo, na goti, lililo kati ya viungo hivyo viwili, ndilo litakaloumia. Hapa uchaguzi wa maneno una uzito kuliko kawaida, kwa kuwa maelezo ya mkao huu husomwa na watu wanaokusudia kuyatenda kwa miili yao.

Mkao au nafasi?

Neno *mkao* linatokana na kitenzi *kaa*. Wapo wanaolikataa kwa hoja kwamba kukaa ni kuketi, ilhali mcheza baleti amesimama. Hoja hiyo inakibana kitenzi kuliko Kiswahili chenyewe kinavyokibana. *Kaa* ni kuketi, lakini pia ni kuishi, kubaki, na kuwa katika mpangilio fulani: nguo humkaa mtu vizuri, kofia hukaa upande, na mkunga husema kwamba mtoto amekaa vibaya tumboni. Mkunga huyo huyo huuzungumzia mkao wa mtoto, wala hakuna mzazi anayedhani kwamba mtoto ameketi kitini. Mkao ni namna viungo vya mwili vilivyopangika kwa wakati fulani. Hata usemi wa mitaani *kukaa mkao wa kula* hauhusu kiti wala meza. Unahusu kujiweka tayari kwa jambo linalokuja. Maana hiyo ya utayari inaufaa sana mkao wa tano, kwa sababu mcheza baleti hasimami humo ili apumzike. Husimama humo kwa kuwa sasa hivi ataruka, atazunguka au atanyanyua mguu.

Neno linaloshindana na *mkao* katika tafsiri ni *nafasi*, na mara nyingi ndilo la kwanza kumjia mfasiri. Kasoro yake huonekana mara tu linapowekwa katika sentensi:

*Binti huyo alimaliza katika nafasi ya tano.*

Msomaji yeyote wa kurasa za michezo, au aliyewahi kusubiri matokeo ya mtihani, ataelewa kwamba mbele ya binti huyo walikuwapo wengine wanne. Kumbe mwandishi alitaka kusema kwamba binti aliruka, akatua, akaifunga miguu yake sawasawa kama alivyofundishwa. Sifa imegeuka kuwa aibu ndogo. Hali huwa mbaya zaidi katika habari za mashindano ya baleti, kama yale yanayofanyika Lausanne, Uswisi, tangu 1973, ambako mikao na madaraja ya ushindi huzungumzwa kwa pamoja. Sentensi kama *alianza katika nafasi ya tano na kumaliza katika nafasi ya kwanza* inaweza kuwa habari ya ushindi mkubwa au ya jozi moja ya miguu, na hakuna kitu ndani yake kinachomwonyesha msomaji ni ipi kati ya hizo mbili. Ikisemwa *alianza katika mkao wa tano na kumaliza katika mkao wa kwanza*, utata unakwisha.

*Msimamo* nao una madai yake, kwa kuwa unatokana na *simama*, lakini umekwisha kuchukuliwa na wanasiasa na wapenzi wa kandanda: mtu ana msimamo kuhusu jambo, na ligi ina msimamo wake kila wiki. *Hatua ya tano* haifai kabisa. Hatua ni mwendo, au sehemu ya mfululizo wa kazi, na mkao ni mahali mwendo unapoanzia na kuishia. *Pozi* ni neno la wapiga picha na watu wa maringo, na zaidi ya hayo baleti ina mapozi yake, ambayo ni kitu kingine.

Upatanisho wa kisarufi huwakosesha wanafunzi. *Mikao mitano* ni idadi: yote, kuanzia wa kwanza hadi wa tano. *Mkao wa tano* ni mmoja tu, ule unaofuata wa nne. Hapa *tano* haichukui kiambishi, ila huunganishwa kwa *wa*. *Mikao ya tano* ni sahihi, lakini hutumika kwa nadra, pale mikao miwili au zaidi ya aina hiyo hiyo inapolinganishwa, kwa mfano mkao wa tano wa mguu wa kulia mbele na ule wa mguu wa kushoto mbele. Kuandika *mikao ya tano ya baleti* kwa maana ya mikao yote mitano ni kosa.

Anayesimama katika mkao huu ni *mcheza baleti*, au *mchezaji* pale muktadha unapotosha. *Mnenguaji*, neno lililozoeleka kwa wacheza wa bendi za dansi, halifai hapa. Kunengua ni kuchezesha kiuno, na katika mkao wa tano kiuno ndicho kinachotakiwa kutulia.

Mguu, unyayo, nyonga

Kiswahili hutumia *mguu* kwa kiungo chote, kuanzia nyongani hadi ncha za vidole, na pia kwa ile sehemu ya chini inayovikwa kiatu. Lugha kadhaa za Ulaya zina maneno mawili tofauti. Mfasiri wa vitabu vya baleti hukumbana na tofauti hiyo karibu katika kila ukurasa, na kwa desturi huilalamikia. Katika suala la mkao wa tano, hata hivyo, upana wa neno *mguu* una faida. Kumwambia mwanafunzi *geuza mguu wote nje* ni kumwelekeza vizuri kuliko lugha inayomtajia sehemu ya chini peke yake. Neno la kuepukwa katika maagizo ni *unyayo*. Linafaa katika kueleza matokeo, yaani mahali nyayo zilipoishia, lakini halifai kutaja chanzo cha mgeuko.

Chanzo ni nyonga. Kichwa cha fupa la paja ni mviringo, nacho hukaa ndani ya kikombe cha fupanyonga. Misuli iliyo ndani kabisa ya makalio ndiyo inayolizungusha fupa hilo kwa nje. Goti hufuata, muundi hufuata, na unyayo ndio wa mwisho kupokea. Mzunguko huo katika makala haya unaitwa *mgeuko wa nje*. Si pambo. Paja lisipozungushwa, kinundu kilicho juu ya fupa la paja hukwama kwenye ukingo wa fupanyonga mguu unaponyanyuliwa kwa upande. Likizungushwa, kinundu hurudi nyuma na mguu hupata njia ya kupanda. Vilevile miguu iliyogeuzwa nje inaweza kupishana hewani bila kugongana magoti. Bila mgeuko wa nje mkao wa tano hauwezekani, kwa kuwa miguu iliyoelekea mbele haina namna ya kubanana kisigino kwa vidole.

Mkao ulio kamili unadai nyayo zilale katika mistari miwili sambamba, kila mguu ukiwa umegeuka nyuzi 90. Nyonga za watu wengi hazifiki huko. Sehemu inayopungua hutafutwa penginepo, na hapo ndipo madhara yanapoanza. Mbinu inayojulikana katika kila chumba cha mazoezi ni ya kukunja magoti kidogo, kuzipanga nyayo sakafuni katika umbo linalotakiwa, kisha kuyanyoosha magoti. Goti lililokunjwa huruhusu muundi uzunguke kidogo. Likinyooshwa huku unyayo umeshikwa na sakafu, msokoto hubaki ndani yake, nao huzielemea kano za upande wa ndani na gegedu. Wengine hulaza nyayo kwa ndani hadi tao la unyayo linaanguka, na uzito wote unashukia kidole gumba. Wengine hubinua makalio, kwa kuwa fupanyonga likiinama mbele kano za nyonga hulegea na mapaja hupata nyuzi chache zaidi, lakini mgongo wa chini ndio unaoubeba mzigo huo.

Kuna kipimo rahisi ambacho mwalimu anaweza kukieleza kwa Kiswahili bila kutaja istilahi hata moja: mwanafunzi akiwa katika mkao wa tano akunje magoti. Magoti yakielekea kule kule viliko vidole, mgeuko umetoka nyongani. Yakiangukia ndani ya vidole, nyayo zimegeuzwa kuliko mapaja, na mkao huo upunguzwe hata kama macho yanaupenda.

Kwa sababu hiyo agizo *leta visigino mbele* ni bora kuliko *peleka vidole nje*, ingawa kwa mtazamaji matokeo yanaonekana kuwa yale yale. Vidole vinaweza kupelekwa nje na kifundo cha mguu peke yake. Ni vigumu zaidi kuleta kisigino mbele, goti likiwa limenyooka, bila paja kuzunguka. Mfasiri wa kitabu cha mafunzo anayekutana na sentensi ya kueleza mgeuko ana uhuru wa kuigeuza kwa namna hii, na ni vyema autumie. Jambo hili haliko mbali na wasomaji wa Kiswahili: madarasa ya baleti yapo Nairobi, yakiwemo ya watoto wa Kibera, na mtoto wa miaka minane hawezi kurekebisha kwa akili yake kosa la aliyemwandikia maelezo.

Nafasi yake miongoni mwa mitano

Katika mkao wa kwanza visigino hugusana na vidole huelekea nje. Mkao wa pili ni huo huo, visigino vikiwa vimeachanishwa kwa upande. Katika wa tatu kisigino cha mguu wa mbele hugusa katikati ya unyayo wa nyuma. Katika wa nne mguu mmoja huwa mbele ya mwingine, na kati yao pana pengo. Wa tano ni ule wa nne ukiwa umefungwa, au ule wa tatu ukiwa umekamilishwa. Waalimu huuelezea kwa njia zote mbili. Mkao wa tatu siku hizi hauonekani sana jukwaani, lakini hutumika kwa wanaoanza, ambao nyonga zao bado hazijawa tayari kwa wa tano. Nambari ni majina tu. Anayetumia wa tatu hajashuka daraja.

Umaarufu wa mkao wa tano jukwaani unatokana na manufaa yake. Miguu ikiwa imebanana hivyo, uzito wa mwili husimama juu ya eneo dogo, na mguu wowote unaweza kuachiliwa kwenda mbele, upande au nyuma bila kiwiliwili kuhama sana. Mruko wa kubadilishana miguu, ambao mguu wa mbele hutua nyuma na wa nyuma hutua mbele, huanzia na kuishia katika mkao huu. Ndivyo ilivyo kwa *antrasha*, ambamo miguu hupishana mara kadhaa hewani. Mtazamaji aliye mbele huona mguu mmoja mahali palipo na miwili, na miguu inapofunguka kwa ghafla mshangao huwa mkubwa zaidi.

Asili

Mikao mitano ilipangwa na kupewa nambari Ufaransa katika nusu ya pili ya karne ya 17, katika utawala wa Mfalme Louis wa 14, ambaye mwenyewe alicheza jukwaani na mwaka 1661 alianzisha chuo cha kifalme cha dansi jijini Paris. Kazi hiyo huhusishwa na Pierre Beauchamps, mwalimu wa dansi wa mfalme. Anayemtaja hivyo ni Pierre Rameau, katika kitabu chake cha mafunzo cha mwaka 1725. Kabla ya hapo, mwaka 1700, Raoul-Auger Feuillet alikuwa amechapisha mfumo wa kuandika dansi kwa alama, na ndani yake mikao mitano imechorwa. Feuillet anaitofautisha mikao mizuri mitano na mingine mitano ya uongo, ambayo vidole vyake vimeelekea ndani. Hiyo ya uongo haikuwa makosa ya wanafunzi. Ilikuwa ya kutumika katika dansi, lakini jina lake linaonyesha ni upande upi uliohesabiwa kuwa wa heshima.

Mkao wa tano wa enzi hiyo haukuwa huu wa leo. Wacheza dansi wa ikulu walivaa viatu vyenye visigino, na mgeuko wao ulikuwa karibu nyuzi 45 kwa kila mguu, ambao nyonga ya kawaida huufikia bila shida. Mgeuko uliongezeka kadiri dansi ilivyohama kutoka ukumbi wa ikulu kwenda jukwaani, mikononi mwa watu waliofanya kazi hiyo tangu utotoni. Jina lilibaki lile lile huku kiungo kikidaiwa mara mbili ya kile kilichodaiwa mwanzo. Mfasiri wa matini ya karne ya 17 au ya 18 anapaswa kulikumbuka hilo: akitumia *mkao wa tano* bila maelezo, msomaji ataona akilini mistari miwili sambamba ambayo Beauchamps hakuifundisha.

Katika karne ya 20 Serge Lifar, kiongozi wa baleti ya Opera ya Paris, aliongeza mkao wa sita na wa saba, ambayo ndani yake miguu haigeuzwi nje. Wa sita, wa nyayo zilizosimama pamoja zikielekea mbele, umeenea katika madarasa. Wa saba haukuenea hivyo.

Mafundisho yanapotofautiana

Nambari za mikao ya miguu ni zile zile duniani kote, lakini kipimo cha kubanana hakilingani. Katika mafundisho ya Kirusi yanayofuata njia ya Agrippina Vaganova, kisigino hukutana na ncha ya vidole bila kubakisha kitu. Katika yale ya Enrico Cecchetti, kisigino cha mbele hufika kwenye kifundo cha kidole gumba tu, na ncha ya kidole hubaki ikionekana. Neno *kinagusa vidole* katika fasili limeachwa lilivyo ili liyapokee mafundisho yote mawili. Anayetafsiri mtaala wa mafundisho mamoja aseme wazi ni sehemu ipi ya kidole.

Matumizi

Mcheza *husimama katika* mkao wa tano, *huufunga* anapourudisha mguu uliotoka, *hutua katika* mkao wa tano baada ya mruko, na *huufungua* anapoachilia mguu. Mguu ulio mbele hutajwa baada ya mkao:

*Anza katika mkao wa tano, mguu wa kulia mbele.*

*Baada ya mruko wa tatu alitua katika mkao wa tano uliofungwa vizuri, hata mwanga haukupenya kati ya mapaja yake.*

*Mwalimu alimzuia kuulazimisha mkao wa tano, akamrudisha katika wa tatu mpaka nyonga zake zifunguke.*

*Mkao wake wa tano unapendeza, lakini magoti yake yanalia.*

Pasipotajwa kiungo, *mkao wa tano* ni wa miguu. Mikono nayo ina mikao yenye nambari, na hiyo haikubaliani kati ya mafundisho: mikono iliyoinuliwa juu ya kichwa kwa umbo la duara ni mkao wa tatu kwa wafuasi wa Vaganova, na ni namna mojawapo ya mkao wa tano kwa wafuasi wa Cecchetti. Kwa hiyo katika matini inayotaja viungo vyote viwili mfasiri aandike *mkao wa tano wa miguu* na *mkao wa tano wa mikono* kwa ukamilifu, na kabla ya kuigusa nambari ya mikono, atafute kwanza kitabu kimeandikwa na mfuasi wa nani.